Mafundi wa kung'arisha tarumbeta, wacheni maji ya betri!

Wadau wa bendi za kanisa za magharibi mwa Kenya, kuanzia Luanda na Mbale hadi Kakamega, leo sina maneno matamu. Gwaride likikaribia, tarumbeta zinapelekwa kwa fundi, zinarudi zinameta kama sufuria mpya, halafu zinaanza kutoboka. Lawama anabebeshwa aliyezitengeneza, ati siku hizi wanatumia bati. Bati gani? Ni asidi yenu!

Shaba njano ya tarumbeta kwa kawaida ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, sawa na maganda ya risasi. Ukiilaza usiku kucha ndani ya maji ya betri au dawa ya choo, zinki inaliwa kwanza. Inabaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Ndiyo hayo madoa ya waridi kwenye bomba linalopokea kipulizio. Msiyasugue. Hapo bomba limeoza, dawa yake ni kulibadilisha.

Na nyinyi mnaoziweka stoo inayopakana na banda la kuku, ndio mnaoniudhi zaidi. Mavi ya kuku yakilowa yanatoa amonia. Zamani huko India, jeshi la Waingereza liliweka risasi kwenye mazizi ya farasi, na msimu wa mvua maganda yakawa yanapasuka yenyewe. Mwaka 1921 ndipo sababu ilipoelezwa: amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba iliyofinyangwa bila kupashwa moto. Sasa tarumbeta iliyobonyea ikanyooshwa kwa nyundo ina mkazo kiasi gani?

Kuosha hakuhitaji ufundi wa ajabu. Toa pistoni (zile zinazobonyezwa kwa vidole) na uziweke kwa mpangilio, ya 1, 2 na 3, kwa sababu kila moja ina nyumba yake. Chomoa mabomba ya kuvuta. Beseni liwe na maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanabambua vanishi. Loweka dakika 20, pitisha brashi ndefu inayopinda, suuza. Pistoni usiloweke na vitambaa vyake vya sufi. Osha sehemu ya chini tu.

Kutu ya kijani ikibaki ndani ya bomba, weka kijiko kikubwa kimoja cha unga wa asidi ya limau kwa lita moja ya maji, dakika 10, si zaidi. Suuza mara mbili, kisha maji yenye magadi ya kuokea, suuza tena, kausha kabisa kabla ya kufunga kwenye sanduku.

Waya wa kusugulia sufuria na msasa visikaribie pistoni hata kidogo! Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ukiipunguza unene, pumzi inavuja, noti zinakufa, halafu mpigaji anaambiwa hana mapafu.

Na mafuta ya kupikia kwenye pistoni (ndiyo, yapo!) yanaganda kama gundi. Pistoni inataka mafuta mepesi yake yenyewe. Vaselini ni ya mabomba ya kuvuta tu.

Fundi anayebisha aweke hapa picha ya ndani ya bomba. Ya nje tumeziona za kutosha.