Mbunge akijiuzulu kwa hiari yake, anaruhusiwaje kugombea kiti kile kile katika uchaguzi mdogo?

Mkazi wa Njoro, Moshi

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi wa sheria za uchaguzi, maana hoja hii imetugawa kijiweni tangu juzi. Mwaka 2015 nilijiandikisha Sanya Juu, kisha nikahamia Moshi mjini kikazi bila kuhamisha taarifa zangu. Desemba 2017 mbunge wetu wa Siha, Dkt. Godwin Mollel, tuliyemchagua kwa tiketi ya CHADEMA, alijiuzulu na kujiunga na CCM. Tarehe 17 Februari 2018 nikapanda Hiace hadi Boma Ng'ombe, nikaunganisha gari la Sanya Juu, nikalitafuta jina langu katika orodha iliyobandikwa kwenye ukuta wa darasa, na katika karatasi ya kura nikaikuta sura ile ile ya mwaka 2015, safari hii ikiwa na nembo nyingine pembeni. Alishinda, na miaka michache baadaye akawa Naibu Waziri wa Afya.

Sina ugomvi na mtu. Kinachonisumbua ni kwamba kiti kilikuwa wazi kwa sababu aliyekikalia alikiacha mwenyewe, kisha wananchi tukaitwa kupiga kura na yeye akiwa miongoni mwa wanaokiomba. Je, sheria inaruhusu hivyo, au kuna kifungu kilichofumbiwa macho? Na kiti huhesabiwa kuwa wazi tangu siku mbunge anapozungumza na waandishi wa habari, au tangu lini? Nauliza pia kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye alitimiza miaka 18 mwaka 2016 na siku ile alinisindikiza hadi mlangoni mwa kituo, akabaki nje: kwa nini hakuweza kupiga kura?

Msimamizi wa kituo mstaafu, Arusha

Ndugu yangu, nianze na hilo la tarehe kwa sababu ndilo linalopotosha wengi. Mkutano na waandishi wa habari hauna uzito wowote kisheria. Ibara ya 149 ya Katiba inataka kujiuzulu kufanywe kwa maandishi yaliyotiwa saini na mhusika, na kwa mbunge maandishi hayo hupelekwa kwa Spika. Kunahesabiwa kuanzia siku barua inapopokelewa, isipokuwa kama barua yenyewe imetaja siku ya baadaye. Spika ndiye anayeiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, na Tume ndiyo inayopanga siku ya uteuzi wa wagombea na siku ya kupiga kura. Kwa hiyo ukimsikia mtu redioni akisema amejivua ubunge, subiri kwanza usikie Spika ameandika nini.

Kuhusu kugombea tena, hakuna kifungu kilichofumbiwa macho. Sifa za mgombea ziko katika Ibara ya 67: awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama cha siasa na mgombea aliyependekezwa na chama hicho, pamoja na masharti mengine, ambayo hakuna hata moja linalomzuia aliyejiuzulu. Tena tazama Ibara ya 71: mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza ubunge papo hapo. Hawezi kuhama na kiti chake. Kwa maana hiyo Dkt. Mollel, na vilevile Julius Kalanga wa Monduli aliyehama Julai 2018 na kushinda uchaguzi mdogo wa tarehe 16 Septemba mwaka huo, wasingeweza kubadili chama na kuendelea kuketi bungeni hata kama wasingeandika barua. Mimi naona afadhali uchaguzi mdogo, ambao walau unampeleka mbunge kwa waliomtuma awaeleze kwa nini amehama, kuliko angebaki bungeni na uanachama mpya ambao hamkuupigia kura.

Mdogo wako alikwama kwenye Daftari. Uchaguzi mdogo hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kama lilivyo wakati huo, na lililokuwapo Februari 2018 ni lile la 2015. Uboreshaji uliofuata ulianza Julai 2019, na ulianzia hapo hapo Kilimanjaro. Nilisimamia kituo chaguzi kadhaa, na wanaorudi nyumbani siku hiyo wakiwa wamenuna zaidi ni vijana wa umri wake. Ukimwonyesha orodha anaipitisha kidole mara ya pili, kana kwamba jina lingejitokeza.

Mwalimu, Usa River

Namheshimu mzee hapo juu, lakini hapo aliposema "afadhali" sikubaliani naye. Hiyo nafasi ya mbunge kujieleza anailipia nani? Karatasi za kura, posho za wasimamizi, magari ya kupeleka masanduku na ulinzi wa vituo vyote hulipwa na hazina ya umma, na aliyesababisha gharama hizo hadaiwi hata shilingi. Mbunge akifariki, sote tunakubali gharama, kama tulivyokubali huku Arumeru Mashariki baada ya kifo cha Jeremiah Sumari, tukapiga kura tarehe 1 Aprili 2012 na Joshua Nassari akashinda. Ule ulikuwa uchaguzi hasa. Watu waliacha migomba yao bila kumwagilia.

Sasa linganisha na mwaka 2019. Nassari alipoteza ubunge kwa kutohudhuria mikutano mitatu mfululizo ya Bunge, uchaguzi mdogo ukapangwa Mei, upinzani ukasusia, na Dkt. John Pallangyo wa CCM akapita bila kupingwa. Jimbo zima halikupiga kura. Ndiyo maana nasema hoja ya "kuwaachia wananchi waamue" inategemea kama wananchi watafika kwenye sanduku, na watakuta majina mangapi. Mimi ningependekeza sheria imzuie aliyejiuzulu kwa hiari asigombee mpaka uchaguzi mkuu unaofuata. Chama chake kipya kimsimamishe mwingine.

Mfugaji wa Monduli

Mwalimu, zuio hilo litawaadhibu wapiga kura pamoja naye. Kama watu wa jimbo bado wanamtaka, sheria iwakatalie kwa sababu gani? Wasiomtaka wanayo kura yao.

Niongeze jambo dogo, kwa kuwa kijiweni kwetu huchanganywa sana: kujiuzulu cheo si kujiuzulu ubunge. Marehemu Edward Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008, akaendelea kuwa mbunge wetu hadi 2015. Marehemu Job Ndugai alijiuzulu uspika Januari 2022 na akabaki mbunge wa Kongwa. Katika visa vyote viwili hapakuwa na uchaguzi mdogo wowote jimboni.

Mrejea masomo, Arusha

Nilisoma Australia miaka kadhaa, na huko kila jimbo la shirikisho lina bunge lake na taratibu zake. Katika New South Wales, Gladys Berejiklian alipojiuzulu mwaka 2021, aliacha uwaziri mkuu wa jimbo na ubunge pia, na watu wa Willoughby, eneo lake la uchaguzi, wakapiga kura Februari 2022 pamoja na maeneo mengine matatu. Lakini Tasmania, ambako mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, mbunge wa bunge la chini (House of Assembly) akijiuzulu, hawaiti wananchi tena: kura zilizompa kiti hurudiwa kuhesabiwa, na aliyefuata katika mpangilio wa wapiga kura hao ndiye anayeingia. Kwetu, kinachokaribiana na hilo ni Viti Maalumu, ambapo nafasi hujazwa kutoka orodha ya chama. Kwa majimbo yetu, yenye mshindi mmoja na alama moja ya vema, sioni jinsi hesabu ya Tasmania ingefanya kazi, kwa hiyo Mwalimu asitarajie nafuu ya gharama kutoka huko.

Mkazi wa Njoro, Moshi

Nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, ingawa moyo wangu bado uko upande wa Mwalimu. Mzee, swali la mwisho: ikitokea tena, uchaguzi mdogo ni lazima kila kiti kinapokuwa wazi?

Msimamizi wa kituo mstaafu, Arusha

Si lazima. Ibara ya 76 inazuia uchaguzi mdogo ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe ya kuvunjwa kwa Bunge, ikiwa tarehe hiyo imetangazwa au inafahamika. Dkt. Faustine Ndugulile alipofariki Novemba 2024, watu wa Kigamboni walikaa bila mbunge hadi uchaguzi mkuu wa 2025. Nawe, ikiwa kweli umeshakuwa mtu wa Moshi, uboreshaji wa Daftari ukipita mtaani kwako nenda na kadi yako ya mpiga kura uhamishe taarifa. Kama bado unataka sauti Siha, iache huko huko, na utenge nauli.