Tupeane uzoefu: uliwahi kubanwa na umati kwenye mechi kubwa? Ulijiokoaje?

Mwanzisha Mada
Ndugu zangu, Jumamosi ijayo nitampeleka mwanangu wa miaka minane kutazama fainali kwa mara yake ya kwanza. Tangu nilipopata tiketi sijalala vizuri, kwa kuwa nimekumbuka siku ambayo mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wake, nilipotezana na kaka yangu langoni na nikakaa peke yangu hadi usiku. Naomba kila aliyepatwa na jambo uwanjani atueleze lilivyotokea na alivyojiokoa.

Jukwaa la Juu
Fika mapema, hasa mechi ikiwa kubwa. Saa mbili kabla ya mpira kuanza malango huwa hayana msukumo, na unapata muda wa kuzitazama njia zote za kutokea, si ile moja tu uliyoingilia.

Nilikuwa Langoni
Mada hii imenigusa, maana jambo hili sijawahi kulisimulia kwa urefu. Tulikuwa wanne, tumechelewa, na tulipokaribia lango tukasikia kelele za bao kutoka ndani. Kila aliyekuwa nyuma yetu alitaka kuingia papo hapo, ilhali lango lililofunguliwa lilikuwa moja, tena nusu. Mwanzoni tulicheka kwa kule kusukumwasukumwa. Baada ya dakika chache nikatambua kwamba miguu yangu haigusi chini, na kwamba mwili wangu unapelekwa mbele na kurudishwa nyuma bila hiari yangu. Mikono ilikuwa imebanwa ubavuni, kwa hiyo kila nilipotoa pumzi kifua kilikazwa zaidi, na pumzi iliyofuata ikawa fupi kuliko iliyotangulia. Wengi hudhani kwamba katika maafa ya namna hii watu hufa kwa kukanyagwa, lakini siku ile nilielewa kwamba mtu anaweza kufa akiwa amesimama wima, kwa kukosa tu nafasi ya kupanua kifua.

Mzee mmoja nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, acha kupiga kelele, unamaliza pumzi. Pandisha mikono kifuani." Nikaipenyeza hadi ikafika mbele ya kifua, kama bondia anayejikinga, na hewa ikaanza kuingia. Akanifundisha nisishindane na wimbi la watu: likija niende nalo, likitulia nipige hatua moja au mbili za mshazari kuelekea pembeni, huku nikijiepusha na ukuta na vyuma. Tulitoka hivyo, kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja aliinama kuokota kiatu, na tulikuja kumpata usiku hospitalini akiwa amevunjika mbavu tatu. Mzee yule sikuwahi kumshukuru.

Msafiri wa Mechi
Pole sana ndugu yangu. Mimi niliacha simu chini kwa sababu hiyohiyo, na sijawahi kuijutia.

Mwenye Tiketi Halali
Tuseme ukweli: chanzo cha haya yote ni wanaokuja bila tiketi na kulazimisha kuingia. Wakizuiwa mbali na uwanja, hakuna atakayebanwa.

Msimamizi wa Zamani
Sikubaliani nawe hata kidogo, na nimesimama kwenye malango kwa misimu kumi na miwili. Maneno hayo ndiyo waliyotupiwa mashabiki wa Liverpool baada ya maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough, Uingereza, ya tarehe 15 Aprili 1989, na familia zikahangaika hadi mwaka 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama likatamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuchangia hatari ile. Waliopoteza maisha wanahesabiwa kuwa 97. Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, walikufa watu 126, na kule Kanjuruhan nchini Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, walikufa 135. Hao walikuwa ndani tayari. Kilichowakimbiza ni gesi ya machozi, ambayo kanuni za usalama za FIFA zinaikataza uwanjani, na walipofika kwenye milango hawakupata njia ya kutosha.

Mwenye Tiketi Halali
Mimi nimewahi kukuta kiti changu kimekaliwa na mtu asiye na tiketi. Hilo nalo hulioni?

Msimamizi wa Zamani
Ninaliona, na linaudhi. Hata hivyo, kiti kilichokaliwa hakiui mtu. Lango lililofungwa linaua.

Mama wa Mapacha
Turudi kwa mtoto, tafadhali. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, na umwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka. Kubalianeni mahali pa kukutana nje ya uwanja, na pasiwe lango kuu, kwa kuwa kila mtu huenda huko. Usitegemee kupiga simu, kwani watu maelfu wakipiga kwa pamoja mtandao huelemewa.

Jukwaa la Juu
Na mtoke dakika kumi kabla ya kipenga cha mwisho.

Msafiri wa Mechi
Hapana, mkae vitini hadi umati upungue, hata kwa nusu saa. Kule kwenye uwanja wa Ibrox, mjini Glasgow, Scotland, tarehe 2 Januari 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi wakati wa kutoka. Ngazi zilizojaa ni za kuogopwa kuliko kitu chochote.

Mwanzisha Mada
Nimesoma kila neno. Tutaingia mapema na tutatoka mwisho kabisa. Leo jioni nimemfundisha mwanangu kuweka mikono kifuani, naye akaniuliza kama yule mzee alitoka salama.

Nilikuwa Langoni
Mwambie sijui. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amembeba mabegani mtoto wa watu. Nawe ukiona watu wameanza kugusana mabega pande zote, usisubiri kuona lango linaendaje. Mbebe na mrudi mlikotoka, hata kama mpira umeshaanza.