Naomba ushauri: daftari lililotoweka katika mauaji ya mjomba

Ndugu zangu, mjomba wetu aliuawa msimu uliopita wa korosho katika kijiji kimoja wilayani Newala, na hadi leo hajakamatwa mtu. Wengi wanasema ni majambazi. Mimi sishawishiki, kwa kuwa baiskeli, simu na hata pesa taslimu za mfukoni vilikutwa palepale chini ya mkorosho, na kilichokosekana ni daftari lake lenye jalada jekundu, alimoandika wakulima aliowakopesha kwa kangomba, yaani kuwapa pesa mapema ili walipe kwa korosho kwa bei ya chini. Biashara hiyo, iliyo nje ya stakabadhi ghalani (mfumo rasmi wa kuuza korosho kupitia maghala), hairuhusiwi, ndiyo maana familia inasita kusema. Mdaiwa mmoja amehamia Masasi ghafla, ingawa kuhama peke yake si ushahidi. Je, nimweleze mpelelezi shuku zangu zote, au nitaje daftari tu bila kumtaja mtu?