Je, Marconi Alimpora Bose Redio, au Tunampigania Bose Mahali Pasipo Pake?

MLETA MADA

Wadau, kila anapotajwa Guglielmo Marconi hazikosekani sauti za kudai kwamba mvumbuzi halisi wa redio ni Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia wa Kolkata, India, na kwamba Mtaliano yule alimpora. Msimamo wangu nautanguliza: madai hayo yana nia njema, lakini yanampigania Bose mahali ambapo mwenyewe hakuwa na shughuli, huku mchango wake mkubwa ukiachwa bila kuguswa.

Ni kweli kwamba mwaka 1895 Bose alionyesha hadharani, mjini Kolkata, mawimbi yaliyopenya kuta yakagonga kengele na kulipua baruti bila waya, ilhali Marconi aliomba hataza yake (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) Uingereza mwaka 1896. Kwa tarehe peke yake, kesi imekwisha. Lakini urefu wa mawimbi ambayo Bose aliyafanyia utafiti ulikuwa kati ya milimita 5 na sentimita 2.5 hivi, na yale ambayo Marconi alisema ameyapokea ng'ambo ya Atlantiki Desemba 1901 yalikuwa ya mamia ya mita. Wimbi refu namna hiyo huambaa na uso wa dunia likafika mbali. La milimita hukwama kilimani, na lile la milimita 5 hufyonzwa hata na oksijeni ya hewani. Bose aliyachagua mafupi kwa makusudi, kwa sababu alitaka kuthibitisha kwamba mawimbi ya umeme huakisiwa, hupindishwa na kuchujwa kama mwanga, tena kwa vifaa vinavyoenea juu ya meza.

Vifaa hivyo ndivyo vinavyostahili mjadala. Aliyapitisha mawimbi ndani ya mrija wa chuma na kuyapokea kwa mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, ambao leo wahandisi wa rada na setilaiti wanauita antena ya pembe. Miongoni mwa vile alivyowaeleza wataalamu wa London mwaka 1897 kulikuwa na kitabu cha ratiba za treni kilichopachikwa karatasi za bati kati ya kurasa zake: kikishikwa hivi mawimbi yanapita, kikigeuzwa yanazuiwa. (Sidhani kama ratiba ya treni imewahi kupata kazi ya heshima kuliko hiyo.) Mirija na antena za pembe zilikuja kubuniwa upya Marekani katika miaka ya 1930, wakati kazi yake ilikuwa imekwisha kusahaulika.

MCHANGIAJI

Mleta mada, umekiruka kitambuzi, yaani kifaa cha kunasa mawimbi yanapofika. Mwaka 1899 Bose aliwasilisha mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kitambuzi cha zebaki kilichounganishwa na simu ya kusikilizia, na mwaka 1901 Marconi alitumia kifaa cha namna hiyohiyo kilichojulikana kwa jina la Jeshi la Wanamaji la Italia. Mhandisi Probir Bondyopadhyay alifuatilia asili yake mwaka 1998 akahitimisha kuwa ni cha Bose. Nobel ya 1909 ikaenda kwa Marconi na Ferdinand Braun. Tena Bose alifundisha katika chuo cha Presidency College, Kolkata, chini ya serikali ya kikoloni, ambako aligoma kupokea mshahara kwa miaka 3 kwa kuwa Mhindi alilipwa pungufu ya Mzungu. Mtu wa hali hiyo angeutoa wapi mtaji wa kujenga minara?

MLETA MADA

Hoja ya kitambuzi ina uzito na siipingi. Hata hivyo, Bose alikichapisha wazi kwa hiari yake, na mwaka 1901 alimwandikia mshairi Rabindranath Tagore jinsi tajiri wa kampuni ya telegrafu alivyomsihi achukue hataza, naye akakataa. Hataza yake ya Marekani ya 1904, ya kitambuzi cha galena (aina ya madini ya risasi), iliombwa kwa kuhimizwa na marafiki, na hakuifanyia biashara. Aliyekitoa kitu hadharani anaweza kunyimwa shukrani, na hilo ni kosa. Kumwita aliyeporwa ni jambo jingine. Anayepinga anijibu hili: kama Bose angeikatia hataza mirija na antena yake tangu 1895, wahandisi wa miaka ya 1930 wangelazimika kumtaja, au muda wa hataza hizo ungekuwa umekwisha kabla hawajaanza kazi?