Mistari miwili ya mbele
(Kikundi cha familia, Bukavu. Jumamosi jioni)

19:42 Neema: [Picha] Gloria amekamilika 😍 Kesho komunyo ya kwanza. Mama Mukubwa alianza saa nne, akaachia chanuo saa kumi.

19:44 Mama Mukubwa: Aksanti Mungu. Vidole vinaniuma, lakini muangalie ile mistari. Nzi akitua pale anateleza.

19:45 Junior: 😂😂

19:51 Baba Mudogo: Mimi pia ninataka kusukwa. Shida ni moja, musukaji ataanzia wapi?

19:52 Junior: Kisogoni, Baba Mudogo. Na amalizie palepale.

19:53 Baba Mudogo: Cheka tu. Hiki kichwa ni cha babu yako, na wewe kinakungoja.

19:58 Furaha: Baba Mudogo, ile dawa ya kuotesha nywele bado unapaka?

20:03 Baba Mudogo: Nimeiacha juzi. Wiki tatu, asubuhi na jioni. Badala ya kuota, hata zile zilizobaki pembeni zinahamia kwenye mto. Nimehesabu kwenye foronya nyeupe, 43! Dola 15 za kung'olewa nywele.

20:10 Furaha: Kama ni minoxidil, uliacha mapema. Wiki za kwanza nywele zilizochoka huanguka ili zipishe mpya. Halafu unangoja miezi 4 mpaka 6 ndipo uone kitu. Na ukikiona hauachi, maana ukiacha, baada ya miezi michache kipara kinarudi kwake.

20:11 Baba Mudogo: Maisha yote? Hiyo ni dawa ao ni ndoa?

20:14 Furaha: 😂 Ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaota nywele hata mashavuni, ndiyo watu wakafikiria kuipaka kichwani. Marekani waliikubali kwa upara 1988. Wewe mwenye presha ulipaswa kuniuliza kwanza. Tuma picha ya chupa.

20:20 Baba Mudogo: [Picha]

20:22 Furaha: Hapa hakuna tarehe. Hakuna asilimia. Ya kweli huandikwa 2% ao 5%. Huyu ameandika "nywele siku 7" basi.

20:23 Mama Mukubwa: Ile chupa niliinusa kwako siku ya Alhamisi. Ni mafuta ya nyonyo. Mama yangu alikuwa anatunywesha tukifunga tumbo.

20:24 Furaha: Kumbe nimefundisha bure. Na hizo 43, Baba Mudogo, ni za kawaida. Mtu hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku. Zamani haukuwa unahesabu.

20:25 Junior: Kuna kidonge pia, finasteride.

20:29 Furaha: Kipo. Kinapunguza homoni inayosinyaza mashina ya nywele za wanaume. Lakini wengine hamu ya kitandani inashuka. Na Neema na mimba yake asikiguse kikiwa kimevunjika, si kizuri kwa mtoto wa kiume tumboni.

20:30 Baba Mudogo: Hamu ishuke? Kipara kikae kilipo.

21:47 Neema: Samahani kwa usumbufu. Gloria hawezi kulala. Anasema kichwa kinavuta. Akifumba macho nyusi zinapanda. Muone hapa mbele [Picha]

21:49 Furaha: Hivyo vipele vyeupe vimetoka leo?

21:49 Neema: Leo jioni.

21:52 Mama Mukubwa: Siku ya kwanza ni vile. Nyote hapa nimewasuka, nani alikufa? Apewe paracetamol, alalie tumbo. Kesho atazoea.

21:58 Yaya Solange: Ujumbe huu umefutwa

22:01 Yaya Solange: Ujumbe huu umefutwa

22:04 Yaya Solange: [Picha]

22:04 Yaya Solange: Huyu ni mimi, sasa hivi, bafuni. Mlikuwa mnauliza kwa nini hata msibani sivui kitambaa.

22:05 Junior: Yaya, dada yetu 😳

22:11 Yaya Solange: Kutoka sikio mpaka sikio, upana wa vidole vitatu, hakuna kitu. Ngozi inang'aa kama kisahani. Vipele vya Gloria nilikuwa navyo nikiwa na umri wake. Baadaye meshi nzito, zile nywele za bandia za kusukia, baadaye peruke, wigi ya gundi, ili kufunika palipoharibiwa na meshi. Nimepaka maji ya kitunguu, nimepaka kitunguu saumu mpaka Papa Aline akahamia ukingoni mwa kitanda. Minoxidil ya kweli niliagiza Kamembe, ng'ambo Rwanda, nikapaka miezi 8. Katikati ziliongezeka kidogo. Pembeni hapana.

22:14 Yaya Solange: Daktari wa ngozi alinimulika na katochi, akanionyesha kwenye simu. Mahali nywele inatokea pana kitundu. Kwangu vitundu havipo, pameziba, ni kovu. Akaniambia ningekuja wakati wa vipele, kazi ingekuwa kulegeza tu, zingerudi zenyewe.

22:16 Furaha: Ni kweli. Neema, fungua.

22:17 Baba Mudogo: Solange mwanangu. Siku ya mahari nilikuambia mbele ya watu uvue kilemba tukuone. Unisamehe.

22:18 Yaya Solange: Hukujua, Baba Mudogo.

22:26 Mama Mukubwa: Neema, mutoto amelala?

22:26 Neema: Hapana.

22:27 Mama Mukubwa: Ninakuja.

22:27 Junior: Hapana! Saa hizi hakuna mtu kwenye barabara.

22:29 Mama Mukubwa: Basi sikia. Taa karibu. Mustari wa mbele niliufunga na uzi mweusi nyuma ya sikio. Tafuta fundo na mukia wa chanuo, usivute, usikate na makasi gizani. Fungua ule, na wa pili. Mingine iko na nafasi, hiyo miwili niliikaza kwa ajili ya picha.

22:51 Neema: Wa kwanza umetoka. Kwenye wa pili amelala mikononi mwangu, mdomo wazi. Mama Mukubwa, kesho mbele itakuwaje?

22:53 Mama Mukubwa: Nitakuja kabla ya kengele ya kwanza. Nitazichana nyuma, nitaweka utepe mweupe. Yesu hatamurudisha.

22:55 Mama Mukubwa: Solange. Ulikuwa unalia, ninakumbuka. Nilikubana katikati ya magoti.

22:57 Yaya Solange: Hata mimi ninayakumbuka magoti hayo. Yalinuka sambaza, vile visamaki vya ziwani.

22:58 Mama Mukubwa: Nilikuwa natoka sokoni kuziuza.

22:58 Yaya Solange: Najua, Mama.

23:02 Baba Mudogo: Na chupa yangu nifanye nayo nini?

23:03 Furaha: Bawaba ya mlango wa choo chako. Tumechoka kuisikia.