Aliyekwisha kupokea ndiye anayevunja mchezo: malalamiko yangu kwa wanaotaka Tanzania ijitoe Mkataba wa Paris

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia wiki nzima nikisoma michango ya watu wanaosema kwamba, kwa kuwa Marekani imekwisha kujitoa katika Mkataba wa Paris, yale mapatano ya dunia ya mwaka 2015 ya kupunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto, nasi tujitoe, tuchimbe makaa ya mawe yetu, tuuze gesi yetu, na tuache kufundishwa adabu na watu waliojenga nchi zao kwa moshi. Uvumilivu umenishinda. Naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sitaiombea radhi, ila nitajitahidi nisimtukane mtu.

Nina dada yangu anayelima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa wasioijua kazi hiyo, mtu hushuka pwani wakati wa bamvua maji yanapotoka mbali, hupigilia vijiti mchangani, hutandika kamba kati ya kijiti na kijiti, kisha hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba hizo, mgongo umepinda na maji yako magotini. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba kichwani viroba vinavyochuruzika maji hadi juu, akaanika. Alipoanza alikuwa akilima mwani mnene, ambao mnunuzi aliulipa karibu mara mbili ya mwani mwembamba. Maji yalipozidi joto, mwani mnene ukawa unapauka, unakatika wenyewe na kuoza kabla ya siku zake. Wakabadilisha mbegu, wakabadilisha mahali, wapi. Sasa analima mwembamba, kwa bei ya mwembamba, na hata huo wakati wa kaskazi huukuta mweupe kama tambi zilizochemshwa. Wataalamu wakashauri wanawake wahamie maji ya kina, ambako kuna ubaridi. Maji ya kina yanataka chombo, na yanataka kujua kuogelea, na wengi wa wanawake wale hawakufundishwa kuogelea.

Joto la maji yale halikupikwa Jambiani. Bara zima la Afrika, pamoja na viwanda vya Afrika Kusini na visima vya Nigeria, linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu mapinduzi ya viwanda. Hili ni deni, na mimi nalizungumzia kama deni.

Wanaosema mkataba huu hauna meno wanasema kweli, lakini wajiulize meno hayo yaling'olewa na nani. Mwezi Julai 1997, miezi michache kabla ya kukamilishwa Itifaki ya Kyoto, mapatano ya awali yaliyozibana nchi tajiri kupunguza gesi joto, Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio kwa kura 95 kwa sifuri kwamba nchi hiyo isisaini mapatano yoyote yatakayoibana yenyewe bila kuzibana nchi zinazoendelea. Marekani ikaisaini Itifaki, haikuiridhia, na mwaka 2001 George W. Bush akaikataa waziwazi. Kanada iliridhia, ikashindwa kutimiza, na mwezi Desemba 2011, mara tu mkutano wa mwaka wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, uliofanyika Durban, ulipomalizika, ikatangaza kujitoa kabla hesabu yake haijafikishwa mezani. Hapo waandishi wa mkataba uliofuata wakaamua kwamba, ili wakubwa wasikimbie, kusiwe na adhabu kabisa. Kila nchi inajiandikia ahadi yake, kila miaka mitano inaandika nyingine, na kamati ya kufuatilia utekelezaji imezuiwa na mkataba wenyewe isimwadhibu mtu.

Hata hivyo wakubwa hao hawakuridhika. Jioni ya tarehe 12 Desemba 2015, pale Le Bourget nje ya jiji la Paris, ukumbi mzima ulikaa ukisubiri kwa sababu ya neno moja. Rasimu ya mwisho ilizilazimisha nchi tajiri kuongoza kwa kuweka malengo ya kupunguza gesi joto katika uchumi wao wote. Wajumbe wa Marekani wakaona kwamba neno lenye nguvu ya sheria lingewarudisha Seneti, na wote tunajua lingefia huko. Basi "lazima" ikageuzwa kuwa "yafaa", na mabadiliko hayo yakasomwa ukumbini pamoja na masahihisho madogo ya uandishi, kana kwamba ni mpiga chapa aliyekosea. Dunia ikapiga makofi na watu wakakumbatiana.

Tulimeza hilo neno ili wao wabaki, na bado wametoka. Walitangaza mwaka 2017, wakatoka tarehe 4 Novemba 2020, wakarudi mwezi Februari 2021, na tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile ya kuapishwa, Donald Trump akasaini amri ya kutoka tena, iliyokamilika tarehe 27 Januari 2026. Ibara ya 28 inamtaka anayeondoka atoe taarifa ya mwaka mmoja, basi. Hakuna faini, na hakuna anayemuuliza kitu. Kodi ya chumba Kariakoo ina masharti makali zaidi ya hayo.

Sasa nije kwenu mnaosema tuwafuate. Sote tumekulia kwenye michezo ya fedha, iwe mnaiita upatu au kijumbe. Watu kumi na wawili wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea. Aliyepokea mwezi wa kwanza akishajenga na kuezeka, mwezi wa pili anaanza kusema mchezo huu una kasoro, kijumbe haaminiki, na kwamba yeye anajitoa. Inajulikana kwa nini anajitoa. Nisichokielewa ni yule wa mwezi wa kumi na moja, ambaye hajaonja hata senti, anayesimama na kusema kwamba kwa kuwa wa kwanza ametoka, naye anatoka ili kulinda heshima yake. Dawa ya deni ni kulipa, nakubali, lakini mdai akichana daftari kwa hasira, mdaiwa hatasema neno. Atamshukuru Mungu kimyakimya.

Hoja inayorudiwa sana humu ni kwamba mkataba unatuzuia kutumia gesi yetu. Namwomba yeyote mwenye ibara inayoikataza Tanzania kuchimba gesi ailete hapa tuisome pamoja. Hataipata. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu mwaka 2004 na haikuzimwa tuliporidhia mkataba mwaka 2018. Ahadi yetu ya mwaka 2021, ya kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, tuliiandika wenyewe, na asilimia hizo hazipigwi kwenye kiwango cha leo bali kwenye kile ambacho tungefikia endapo tusingefanya lolote. Maana yake tuna nafasi ya kukua.

Mtu ataniambia kuhusu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, na ni kweli kwamba mabenki kadhaa makubwa yalikataa kulikopesha. Lakini azimio lile halikutufunga kisheria, na lingepitishwa hata kama tusingekuwa wanachama wa chochote. Nayo mabenki huwasikiliza wateja na wenye hisa wao, hayapigi simu Dodoma kuuliza kama bado tumo. Tukijitoa kesho, ni benki gani itakayorudi keshokutwa? Unafiki wa Ulaya nauona vizuri kuliko mnavyodhani. Mwezi Novemba 2021, kule Glasgow, Ujerumani iliungana na nchi nyingine kuahidi kuacha kugharimia miradi ya mafuta na gesi nje kwa fedha za umma, na mwezi Mei 2022, vita vya Ukraine vilipoifanya ianze kuitafutia mbadala gesi ya Urusi, Kansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akiulizia gesi ya Senegali. Mimi nataka mtu wetu awepo chumbani kulisema hilo mbele yake, si humu tukiwa tumejificha nyuma ya majina ya kubuni.

Hoja ya fedha ndiyo yenye uzito, na sitaizunguka. Mwaka 2009, kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ifikapo mwaka 2020. Zilifika mwaka 2022, zikiwa zimechelewa miaka miwili, na zaidi ya nusu ya fedha za umma zilizohesabiwa humo ilikuwa mikopo, yaani aliyekuchomea nyumba anakukopesha mabati kwa riba, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba amekusaidia. Kule Baku, mwezi Novemba 2024, nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikaambulia ahadi ya bilioni 300 ifikapo mwaka 2035, na nyundo ikagongwa kabla mjumbe wa India, Chandni Raina, hajapewa nafasi ya kupinga. Alipopewa, alisema waraka ule ni kiinimacho tu.

Kuna siku mbili ambazo siwezi kuzisahau. Tarehe 30 Novemba 2023, mkutano wa tabianchi wa Dubai ulianza kwa kuidhinisha Mfuko wa Hasara na Uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazopatwa na maafa ya tabianchi, na Marekani ikaahidi kuuchangia dola milioni 17.5, kiasi ambacho ni aibu kukitaja mbele ya watu wazima. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa, na Rais Samia akakatisha safari yake ya Dubai kurudi nyumbani. Mwezi Machi 2025 Marekani ikajiondoa kwenye bodi ya mfuko huo. Mbele ya mambo kama haya, ndugu zangu, mnaniambia jibu letu ni kuwaachia kiti?

Nicaragua ilijaribu. Mwaka 2015 ilikataa kujiunga, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko zenu zote: ilisema mkataba ni dhaifu mno na unawaachia wachafuzi wakubwa. Ilikaa nje karibu miaka miwili, hakuna aliyeifuata kuibembeleza, na mwezi Oktoba 2017 ikaingia. Vanuatu, nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Dar es Salaam, ilibaki ndani na kutafuta njia nyingine. Wanafunzi wa sheria wa Pasifiki walianza na wazo mwaka 2019, serikali ikalibeba hadi Umoja wa Mataifa, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni yake kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, si kwa mikataba pekee bali hata kwa sheria ya kimataifa ya desturi, ambayo mtu haikwepi kwa kusaini amri ofisini. Maoni hayo hayana askari wa kuyatekeleza, najua. Lakini mdai mwenye karatasi ya mahakama si sawa na mdai mwenye manung'uniko.

Mnisikilize na hili, maana hasira yangu haiishii Washington. Miaka michache iliyopita kulikuja kwetu mradi wa kuwasaidia wakulima wa mwani wakabiliane na mabadiliko ya tabianchi. Sitautaja jina, wala ofisi iliyousimamia. Dada yangu aliitwa semina mara tatu, katika hoteli ya mjini, akapewa nauli, chakula cha mchana, kalamu, kofia na fulana iliyoandikwa "Jamii Stahimilivu". Siku ya tatu aliinua mkono akauliza juu ya boti ya kwendea maji ya kina. Aliambiwa kwa upole kwamba boti haimo katika bajeti ya awamu hii. Ya awamu iliyofuata hatukuisikia tena. Siku hizi mvua ikimshtukiza mwani ukiwa kwenye chanja, huzitandaza fulana zile juu yake.

Hapo ndipo ningependa kelele zenu zielekee. Fedha chache zinazopatikana zinapokelewa na nani, zinasomwa hesabu wapi, na kwa nini zinakwisha kwenye kumbi za hoteli kabla ya kufika majini? Maswali hayo tunaweza kuyauliza kwa sababu tumo. Tukitoka, hata hao wenye semina watakuwa na kisingizio kizuri, kwamba fedha zimekatwa kwa kuwa nchi imejitoa.

Kwa hiyo, anayetaka tujitoe asiniletee tena maneno ya heshima na uhuru. Aandike hapa chini ni mita ngapi za ujazo za gesi tutakazochimba kwa kujitoa ambazo leo tumezuiwa kuzichimba, ni mkopo upi utakaorudi, na baada ya hapo nani ataulizwa kuhusu Katesh. Na kama yumo humu mtu anayefanya kazi kwenye miradi ya aina niliyoieleza, naye ajibu kuhusu boti. Fulana dada yangu anazo tatu.