Shule ya msingi inaruhusiwa kumlipa karani kwa ruzuku? Mwalimu wa Hisabati nimechoka

Mwl_wa_Visiwani
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa mliopita halmashauri au kamati za shule.

Nafundisha Hisabati darasa la tano na la sita, shule moja ya msingi huku Ukerewe. Walimu tuko tisa, watoto 840. Karani hatuna na hatujawahi kuwa naye. Kosa langu lilikuwa moja: nilipohamia hapa nilionekana nikichapa barua kwa vidole vyote kumi. Toka siku hiyo kompyuta ya ofisi ni yangu, mke wangu anaiita mke mwenza.

Msidhani ukarani ni kuchapa mitihani tu. Kwetu kinachotutesa ni uhamisho. Wazazi wengi ni watu wa dagaa, na kambi ikihama familia inahama nayo. Mbalamwezi ikiingia, taa za kuvulia dagaa haziendi ziwani, ndipo watu wanafunga mizigo. Jumanne, saa nne kasoro, kaja mama na watoto watatu, mizigo iko mwaloni, mtumbwi unamsubiri. Bila namba za PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, watoto hawapokelewi waendako. Mkubwa cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, kwenye mfumo ana jina la babu. Na mtandao unashika dirisha moja tu la ofisi, tena ukiegemea.

Nimemaliza saa tano na dakika kumi. Darasa la sita nilikuwa nimewaachia ubaoni 3/4 gawanya kwa 1/2. Nimekuta nusu ya darasa wameandika 3/8. Kiranja ndiye aliyekuwa akiwafundisha!

Ruzuku yetu ni ile 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, maana 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: 5,040,000, sawa na 420,000 kwa mwezi, na humo kuna chaki, mitihani na ukarabati. Tukimega 150,000 tumlipe binti wa hapa kijijini aliyesoma kompyuta, tutaulizwa?

Mstaafu_wa_Hazina_Ndogo
Mtaulizwa, mwanangu. Nimekaa idara ya fedha ya halmashauri miaka 19. Mshahara hautoki kwenye ruzuku, unatoka kwenye bajeti ya mishahara, na bajeti hiyo inafuata ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kibali cha ofisi ya Utumishi. Mwalimu mkuu wako aandike barua kupitia kwa afisa elimu kata, aombe nafasi iingizwe mapema, kabla bajeti ya Julai haijafungwa. Akiandika Mei amechelewa. Hata akiwahi, sikudanganyi: wakikaa kugawa nafasi, mwalimu na muuguzi wanatangulia, halafu karani wa sekondari, ndipo wa msingi.

Na ile 10,000 unayoigawa ilipangwa enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Linganisha rimu ya karatasi ya mwaka ule na ya leo.

Mama_Nyegezi
Mimi mzazi. Kabla ya 2016 shule ya wanangu ilikuwa na karani na mlinzi, tunawalipa kwa michango. Elimu bila malipo ilipokuja wote wawili wakaondoka. Mwaka juzi tukaitwa kikao, tukakubaliana 1,000 kwa mwezi kwa hiari turudishe karani. Tulimwona mwezi mmoja. Wa pili tukaambiwa hela imekwenda kwenye madawati. Madawati yenyewe nimeyatafuta hadi leo. Mwalimu, ukija na wazo la mchango, njoo na daftari la mapato na matumizi mkononi.

Kijana_Buhongwa
Nina diploma ya utunzaji kumbukumbu toka 2021, nachaji simu za watu stendi. Mwalimu, nije kujitolea? Nipatie tu pa kulala.

Mwl_wa_Visiwani
Asante mzee wangu, barua naandika wiki hii. Na mnajua atakayeichapa.

Mama, umenigusa. Kamati yetu ina muhuri, daftari haina. Nitaanzia hapo kabla sijatamka neno mchango.

Mdogo wangu wa Buhongwa, pa kulala papo na samaki hutakosa. Tatizo ni nywila. Mfumo una jina langu, ukikosea tarakimu kwenye namba ya mtoto naitwa mimi.

Mstaafu_wa_Hazina_Ndogo
Nywila usimpe mtu, hata awe mtoto wa mwalimu mkuu. Huyo kijana akija, akuandalie kwenye karatasi: majina, vyeti, fomu za uhamisho zikae tayari kwenye majalada. Wewe uingize mwenyewe jioni, watoto wakishatoka. Na kamati imwandikie muhtasari kwamba anajitolea, asije akadai mshahara mbele ya safari.

Mwl_wa_Visiwani
Hilo la majalada nimelichukua. Kijana, njoo PM tuongee. Kesho kipindi cha kwanza narudia 3/4 gawanya kwa 1/2, simu nimemwachia mwalimu mkuu. Mbalamwezi imebakiza siku nne.